Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nafasi za Watafiti Wageni na Mji wa Kalemie

1. Utangulizi

Vyuo vikuu na taasisi nyingi za elimu ya juu zina utaratibu wa kumwalika mtaalamu au mwandishi kutoka mahali pengine akae kwa muda maalumu, kuanzia mwezi mmoja hadi mwaka, aendeleze utafiti wake mwenyewe, kisha arejee kwao. Mtu huyo huitwa mtafiti mgeni. Nafasi anayopewa haifanani na msaada wa masomo, kwa kuwa haimfikishi kwenye shahada. Haifanani pia na kazi ya ushauri, kwa kuwa aliyemwalika hamwagizi jibu la swali alilolitunga yeye. Kwa kawaida mgeni hupewa nauli, posho ya kujikimu, meza ya kufanyia kazi na ruhusa ya kutumia maktaba na nyaraka. Naye hutakiwa kutoa mhadhara mmoja au miwili na kuandika taarifa. Ukiviondoa vitu hivyo vya nje, kiini cha nafasi yenyewe ni wakati wa kufikiri na watu wa kubishana nao.

Taaluma za maeneo, yaani zile zinazochunguza historia, lugha, fasihi na utamaduni wa sehemu moja ya dunia, zimejengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliopata nafasi za namna hiyo. Jambo ambalo halijadiliwi sana ni upande wa pili wa safari: je, pale mgeni alipofikia panabaki nini baada yake? Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Makala haya yanaichukua methali hiyo kuwa kipimo, na yanakipeleka kipimo hicho Kalemie, mji wa bandari katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watafiti wameupitia mji huo na mwambao wake kwa zaidi ya karne moja, na sehemu kubwa ya walichokiandika inahifadhiwa mbali nao.

2. Kalemie na wageni wake

Kalemie ipo kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo Mto Lukuga hutoka ziwani kuelekea Mto Lualaba. Ngome iliyoitwa Albertville ilianzishwa hapo na Kapteni Jacques, Mbelgiji, mwishoni mwa 1891, wakati wa mapambano na wafanyabiashara wa Ujiji walioongozwa na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Kabla ya ngome hiyo, misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilikuwa ikishukia Mtowa, kaskazini kidogo. Kwa hiyo Kiswahili kilifika katika mwambao huo kabla ya Wabelgiji wala hakikuletwa nao, ingawa wao ndio walioandika vitabu vya kwanza vya kukifundisha huko. Reli ya kwenda Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Jina la Albertville liliachwa baada ya uhuru, na tangu 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika.

Wachunguzi wa mwanzo hawakuja kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya maji. Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga mwaka 1874 akitafuta mahali ziwa linapotokea. J.E.S. Moore alikuja katika miaka ya 1890 kuchunguza konokono na viumbe wengine wa ziwa waliofanana na wa baharini, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walituma msafara mkubwa wa uchunguzi wa ziwa mnamo 1946 na 1947. Lugha na desturi za wakazi ziliandikwa na watu wa aina nyingine, wamisionari, ambao walikaa miaka mingi mahali pamoja. Auguste Van Acker, mmoja wa Mapadre Weupe, alichapisha kamusi ya Kitabwa na Kifaransa mwaka 1907. Kamusi hiyo ilitolewa na jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na jina hilo la Tervuren litarudi mara kadhaa hapa chini.

Utaratibu wa watafiti wa kulipwa, wenye muda maalumu na swali maalumu, ulianza rasmi katika eneo hili mwaka 1947, ilipoundwa taasisi ya IRSAC, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati. Makao yake makuu yalijengwa Lwiro, karibu na Bukavu. Kituo cha uchunguzi wa ziwa kilikuwa Uvira, na cha sayansi za jamii Astrida, ambayo leo ni Huye nchini Rwanda. Chini ya taasisi hiyo Jan Vansina alikwenda kwa Wakuba mwaka 1953. Kutokana na kazi hiyo na ile aliyoifanya baadaye Rwanda na Burundi, alitoa mwaka 1961 kitabu chake juu ya mapokeo simulizi, ambacho kiliwafundisha wanahistoria wa Afrika nzima kuyapima masimulizi ya wazee kwa ukali uleule wanaoutumia kwa maandishi. Hakuna ubishi kwamba nafasi hiyo ilizaa matunda. Hata hivyo, katika mpangilio wa wakati ule mtafiti alikuwa Mzungu, na Mkongo alikuwa mkalimani, karani au mtoa habari. Aliyejua lugha alihesabiwa msaidizi wa yule aliyekuwa akijifunza lugha hiyo.

Wala haikuwa kwamba hapakuwa na wasomi wa hapo. Stefano Kaoze, Mtabwa kutoka nchi ya Mpala kusini mwa Kalemie, alichapisha insha juu ya saikolojia ya Wabantu katika jarida la Brussels mnamo 1910 na 1911, angali mwanafunzi wa seminari. Insha hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa Kifaransa. Mwaka 1917 alipewa upadre, wa kwanza katika nchi yake. Kwa maneno mengine, miaka 30 na zaidi kabla ya IRSAC kuanzishwa, mwambao huu ulikuwa tayari umetoa mwandishi wa taaluma ambaye angeweza kukaa meza moja na Vansina.

3. Kisa cha Lusinga

Kisa kimoja kinaonyesha vizuri zaidi tatizo lenyewe lilivyo. Mwaka 1883 Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa mkuu wa kituo cha Karema upande wa mashariki wa ziwa, alianzisha kituo kingine Mpala. Huko alikutana na Lusinga, mtawala wa Kitabwa aliyekuwa na nguvu, bunduki na biashara ya watumwa. Wawili hao walifanana zaidi ya vile Storms alivyopenda kukiri, kwani kila mmoja alitaka kuwa bwana wa pwani ileile. Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa. Storms aliporudi Ulaya alichukua fuvu hilo pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili, na sanamu ya mti iliyochongwa kwa ajili ya Lusinga. Mwaka 1886 fuvu lilipimwa na kuelezwa mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Brussels. Baada ya kifo cha Storms, vitu vyake viliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren katika miaka ya 1930, pamoja na shajara na barua zake. Mafuvu yalihamishiwa mwaka 1964 katika taasisi ya sayansi za asili mjini Brussels.

Katika miaka ya katikati ya 1970 mtafiti kijana Mmarekani, Allen F. Roberts, aliishi Lubanda, kijiji cha Mpala, akitayarisha tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambayo aliikamilisha mwaka 1980. Alisikia kwa wazee habari za Lusinga na za "Bwana Boma", jina ambalo Storms alibaki nalo vinywani mwa watu. Baadaye alizisoma karatasi za Storms kule Tervuren, akaziweka pande hizo mbili ana kwa ana katika kitabu kilichotoka mwaka 2013. Uzuri wa kazi hiyo unatokana na kukutana kwa vyanzo hivyo viwili: shajara ya muuaji na masimulizi ya wajukuu wa waliouawa. Wala Roberts hakuficha deni lake kwa watu wa Lubanda.

Tuseme sasa kwamba mwalimu wa historia wa Kalemie, aliyezaliwa Mpala, angetaka kuandika kitabu hichohicho. Masimulizi anayo, tena kwa lugha ya mama. Lakini shajara iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka kwake. Shajara za vituo vya Mapadre Weupe, ambazo mwanzilishi wao Lavigerie aliagiza ziandikwe katika kila kituo, ziko katika hifadhi ya shirika hilo Roma. Nyaraka za biashara ya ng'ambo ya ziwa zimegawanyika kati ya Unguja na Dar es Salaam. Hapa tofauti kati ya Mmarekani huyo na mwalimu huyo haiko katika akili wala katika bidii. Mmoja alikuwa na njia ya kuvifikia vyanzo vyote viwili, mwingine ana kimoja tu. Njia hiyo ndiyo inayoitwa nafasi ya mtafiti mgeni, na ndiyo sababu suala hili si la anasa za wasomi.

Mambo yaliyofuata yanathibitisha hivyo. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliandika katika gazeti la Ubelgiji kwamba fuvu la Lusinga lilikuwa bado kwenye kabati Brussels. Mjadala ulizuka. Mwaka 2020 mchongaji Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa, aliweka katika ukumbi mkuu wa Tervuren kazi inayoonyesha fuvu hilo, mkabala na kazi yake nyingine ya awali. Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani ya Brussels iliyokuwa imesimama kwa miongo mingi. Mwaka huohuo Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria juu ya kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini sheria hiyo haikugusa mabaki ya binadamu wala nyaraka. Ikumbukwe kwamba aliyelileta jambo hili kwenye ukumbi ule, mahali ambapo kila mtazamaji hupita, alikuwa msanii. Tangazo la nafasi likisema "wataalamu na waandishi", au likiongeza na wasanii, haliongezi maneno ya mapambo. Mara nyingine mwenye patasi huuliza swali ambalo mwenye tanbihi alilikwepa miaka 130.

4. Waliosafiri kwenda upande wa pili

Kuna mfano wa zamani wa Waswahili kualikwa Ulaya kwa ajili ya elimu yao, nao hautoi faraja nyingi. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1887, iliajiri walimu wasaidizi kutoka pwani. Amur bin Nasur wa Unguja alikuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900. Mtoro ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 na ambacho hadi leo hakiepukiki kwa yeyote anayechunguza maisha ya mrima. Jina lililotangulia kwenye jalada lilikuwa la mwalimu Carl Velten. Mtoro alipooa Mjerumani na kujaribu kurudi Bagamoyo mwaka 1905, serikali ya koloni ilimzuia kushuka na mkewe, wakarudi Ujerumani, naye alifariki huko mwaka 1927.

Mtoro alikuwa na mshahara, maktaba na wanafunzi. Alichokosa ni haki mbili ambazo mtafiti mgeni wa kweli hana budi kuwa nazo: jina lake juu ya kazi yake, na uhuru wa kurudi kwao. Inafaa haki hizo zikumbukwe kila masharti ya mwaliko yanapoandikwa. Hata sasa mgeni kutoka Afrika huweza kupata barua nzuri ya mwaliko na kukwama kwenye dirisha la viza, na taasisi iliyomwalika ikajiona haihusiki.

5. Ng'ambo ya ziwa

Si lazima kila safari iwe ya Ulaya. Kutoka Kalemie hadi Kigoma ni zaidi kidogo ya kilomita 120 za maji, na wafanyabiashara wa mahindi, dagaa na vitenge huzivuka bila kungoja tangazo la ufadhili. Wasomi ndio wanaozungukia mbali. Sababu mojawapo ni lugha ya maombi. Msomi wa Kalemie amesomea Kifaransa. Matangazo ya nafasi za Afrika ya Mashariki hutolewa kwa kawaida kwa Kiingereza, na pendekezo la utafiti hutakiwa kwa Kiingereza. Yeye na mwenzake wa Kigoma wanaweza kuongea usiku kucha juu ya Rumaliza bila mkalimani, lakini kesho yake asubuhi hawawezi kuandika ombi la pamoja kwa lugha waliyoiongea.

Hali hii ni ya ajabu zaidi kwa sababu vikwazo vingine vinapungua. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Jumuiya ina Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao Kampala na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Vyombo vya kusimamia nafasi za wageni kati ya Kalemie, Kigoma, Bujumbura na Dar es Salaam, basi, vipo. Kuvipa vyombo hivyo kazi ya kupokea na kupima mapendekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni hatua ndogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo. Wapo watakaodai kwamba wapimaji wa kutosha hawapatikani. Dai hilo ni gumu kulikubali katika eneo ambalo tasnifu za Kiswahili zimeandikwa na kutahiniwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi.

Na kazi yenyewe ya kufanya ipo. Kiswahili cha Lubumbashi kimechunguzwa na wengi. Edgar Polomé, aliyefundisha huko katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alikiandikia. Johannes Fabian, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikiandikia pia, na baadaye, mwaka 1986, alitoa kitabu juu ya jinsi wakoloni walivyokitumia Kiswahili katika Kongo hadi 1938. Kituo cha isimu cha Lubumbashi, CELTA, kiliendeleza kazi hiyo kwa mikono ya Wakongo wenyewe. Kiswahili cha Kalemie hakikupata watu wengi hivyo. Kipo kati ya usemi wa migodini, wenye "bantu" badala ya "watu", na usemi wa ng'ambo ya ziwa, na kimekaa karibu na Kitabwa, Kiluba, Kiholoholo na Kibembe. Mtaalamu wa lahaja kutoka Dar es Salaam akikaa miezi sita bandarini hapo angesikia mambo ambayo vitabu vyake havikumwandaa kuyasikia, na mwenzake wa Kalemie akikaa miezi sita Dar es Salaam angevikuta vitabu hivyo na kuvisahihisha.

6. Masharti yanayofaa kuandikwa

Mwaliko mzuri huanza na swali la mwenyeji. Mahali pengi mtafiti wa nje hutakiwa awe na kibali na taasisi ya kumpokea. Nchini Tanzania, kwa mfano, kibali hicho hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Lakini mara nyingi taasisi ya kupokea hubaki mhuri tu juu ya karatasi. Inafaa mwenyeji atajwe kwa jina kuwa mtafiti mwenza, awe na fungu lake katika bajeti, na jina lake liwe juu ya chapisho iwapo amefanya kazi ya kuandika. Methali nyingine ya Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Kwa mtafiti mgeni jembe hilo ni darasa: mtu anayekaa Kalemie miezi minne bila kufundisha hata kipindi kimoja katika Chuo Kikuu cha Kalemie, ambacho kilianza kama tawi la Lubumbashi, amekula bila kulima.

Sharti la pili ni nakala. Kila mkanda wa sauti, kila picha na kila shajara ya uwandani yenye habari zilizotolewa na watu wa mahali ibaki na nakala mahali hapo, pamoja na orodha inayosomeka, na kwa makubaliano na waliohojiwa juu ya yale yasiyofaa kutangazwa. Sharti hili liwahusu pia walinzi wa nyaraka za kale. Nakala za karatasi za Storms na za shajara za Mpala zingegharimu kidogo kuliko tiketi za kuwapeleka wasomi watano Brussels. Hata hivyo nakala haziwezi kuchukua mahali pa safari yenyewe, kwa sababu anayetumiwa nakala huona kile tu ambacho mwingine aliona kinafaa kunakiliwa.

Linabaki suala la mahali pa kuziweka. Tangu 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda mara kadhaa na kufurika katika mitaa ya Kalemie iliyo karibu na ufuko na Mto Lukuga, na miaka ya mapigano katika jimbo hilo ilikwisha kuwahamisha maelfu ya watu pamoja na yale waliyoyakumbuka. Chumba cha nyaraka kinahitaji kuwa mlimani, mbali na mkondo wa Lukuga, chenye umeme wa jua na mtu mmoja anayelipwa mwaka mzima. Mshahara wa mtu huyo ndio kifungu ambacho wafadhili hukifuta mapema zaidi katika bajeti, na ndicho kinachopaswa kuandikwa kwanza.